Mlango wa Shule ya Sheria

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa redioni

Mwalimu wa darasa, tafadhali funga dirisha la upande wa barabara ili kila mtu asikie. Wekeni kalamu na daftari tayari. Leo nitawauliza swali moja, na jibu lake sitalitoa upesi.

Somo letu lahusu mtihani. Najua wengi wenu neno hilo hamlipendi. Mtu mzima akisikia "mtihani" hukumbuka fimbo, au hukumbuka siku aliyoambiwa kwamba darasa limejaa, arudi nyumbani akachunge mbuzi. Lakini mtihani wa leo una historia ambayo yafaa uijue, maana ni historia ya watu waliosimama mbele ya mlango wakauliza ni nani mwenye ufunguo.

Katika nchi ya Marekani, mtu anayetaka kuwa wakili kwa kawaida husoma kwanza chuo kikuu kwa miaka minne, kisha husoma shule ya sheria kwa miaka mitatu. Shule nyingi za sheria humtaka kwanza afanye mtihani uitwao LSAT. Jambo la kushangaza ni kwamba mtihani huu hauulizi sheria hata moja. Haumwulizi mtu wizi ni nini, wala mkataba ni nini, wala mrithi ni nani. Humpa habari fupi ya kusoma, kisha humwuliza: Kwa maneno haya, ni jambo gani ambalo ni lazima liwe kweli? Mwandishi ameteleza wapi?

Basi, chukua kalamu. Swali langu ni hili. Limetungwa kwa somo letu, lakini maswali ya mtihani ule yafanana nalo.

"Katika ushirika wa pamba wa kijiji fulani, kila mwanachama aliyelipa ada alipewa mbegu. Juma ni mwanachama, naye alipewa mbegu. Je, ni lazima Juma alilipa ada?"

Andika "ndiyo" au "hapana" katika daftari lako, kisha ufunike kwa mkono. Usimwonyeshe jirani. Tutarudi hapo.

Zamani hapakuwa na mtihani wa namna hii. Tena kwa muda mrefu watu wengi walikuwa mawakili bila kuingia shule ya sheria kamwe. Mtu alikwenda kwa wakili mzee, akafagia ofisi yake, akanakili barua zake, akasoma vitabu vyake, na baada ya miaka kadhaa akaruhusiwa kusimama mahakamani. Desturi hiyo iliitwa kusoma sheria ofisini.

Mfano unaojulikana sana ni Abraham Lincoln. Alizaliwa mwaka 1809 katika nyumba ya magogo, na ukiziunganisha siku zote alizokwenda shule hazitimizi mwaka mmoja. Alipokuwa kijana katika kijiji cha New Salem, jimbo la Illinois, alikuwa mkuu wa posta na mpima ardhi. Mwaka 1834 alichaguliwa kuwa mjumbe wa baraza la jimbo. Wakili mmoja, John Todd Stuart, alimwazima vitabu vya sheria. Kutoka New Salem hadi mji wa Springfield alikokaa Stuart ni maili 20 hivi. Lincoln alisoma peke yake, hata mwalimu hakuwa naye. Mwaka 1836 mahakama ya wilaya ilimwandikia cheti kwamba ana tabia njema, na mwaka uleule akapata leseni. Miaka mingi baadaye kijana mmoja alimwandikia akitaka kusoma sheria chini yake. Lincoln alimjibu kwamba mwalimu si kitu kikubwa. Apate vitabu, avisome mpaka avielewe.

Yapendeza kusikia. Lakini usisahau jambo moja, ndugu msomaji. Lincoln alikuwa mwanamume mweupe, naye alikuwa na rafiki mwenye kabati la vitabu. Mtumwa mweusi katika majimbo mengi ya kusini wakati uleule, mtu aliyemfundisha kusoma aliweza kuadhibiwa na sheria.

Baada ya hapo shule za sheria zikaongezeka na kupata nguvu. Mwaka 1870 Christopher Columbus Langdell akawa mkuu wa shule ya sheria ya Harvard. Kabla yake, mtu aliyelipa karo aliweza kuingia bila shida kubwa, na kutoka vilevile. Langdell alileta mitihani, akaleta pia namna mpya ya kufundisha: mwanafunzi asome hukumu za kesi za kweli, na mwalimu amwulize maswali mbele ya wenziwe mpaka jasho limtoke. Wengi walishindwa mwaka wa kwanza wakafukuzwa. Shule ilifungua mlango wa mbele, kisha ikawasukuma nje kwa mlango wa nyuma. Kwa miaka mingi mambo yaliendelea hivyo.

Vita Kuu ya pili ndiyo iliyobadilisha hali. Mwaka 1944 serikali ya Marekani ilipitisha sheria ya kuwalipia karo askari waliorudi kutoka vitani. Basi vijana waliotoka Ufaransa, Italia na visiwa vya Pasifiki wakajaa vyuoni kwa maelfu. Shule za sheria zikapata barua nyingi kupita nafasi. Wamchague nani? Huyu ana alama nzuri, lakini zatoka chuo kisichojulikana. Huyu ana alama za kadiri, lakini chuo chake ni kigumu. Mwaka 1945 Frank Bowles, aliyesimamia uandikishaji wa wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York, alitoa shauri kwamba utungwe mtihani mmoja kwa shule zote. Mwezi wa Novemba 1947 wakuu wa shule za sheria walikutana, wakakubali. Mwezi wa Februari 1948 mtihani wa kwanza ukafanywa.

Zingatia shabaha yao. Hawakusema mtihani utaonyesha nani atakuwa wakili hodari au hakimu mwadilifu. Walitaka kukisia jambo dogo tu: nani atapata alama nzuri katika mwaka wa kwanza wa masomo. Hata leo kazi yake kubwa ni hiyo. Watu wengi husahau, wakadhani alama ile ni kipimo cha akili ya mtu.

Sasa tazama tarehe. Februari 1948. Mwezi mmoja kabla, tarehe 12 Januari 1948, Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu katika kesi ya mwanamke kijana aliyeitwa Ada Lois Sipuel. Nataka tukae hapa kidogo.

Ada Lois Sipuel alizaliwa mwaka 1924 katika mji wa Chickasha, jimbo la Oklahoma. Alisoma chuo cha watu weusi kiitwacho Langston, akafaulu vizuri. Mwezi wa Januari 1946 alikwenda Chuo Kikuu cha Oklahoma na hati zake mkononi, akaomba kuingia shule ya sheria. Rais wa chuo, George Lynn Cross, alizitazama. Hati zilikuwa safi. Lakini sheria ya jimbo ilikataza mtu mweusi kusoma darasa moja na mweupe. Hata mwalimu aliyewafundisha pamoja aliweza kutozwa faini. Rais yule alifanya jambo la busara. Alimwandikia barua ya kumkataa, na ndani yake akaeleza wazi kwamba amekataliwa kwa sababu ya rangi yake, wala hapana sababu nyingine. Barua hiyo ndiyo aliyoipeleka mahakamani.

Wakili wake alikuwa Thurgood Marshall. Mahakama ya Juu ilisema jimbo lazima limpe mafunzo ya sheria upesi kama linavyowapa wengine. Serikali ya Oklahoma ikafanya nini? Katika siku chache ilibuni shule ya sheria mpya ndani ya jengo la bunge la jimbo: vyumba vichache na walimu watatu, kwa ajili ya mwanafunzi mweusi. Ada Lois alikataa kuingia. Alingoja. Mwezi wa Juni 1949 akapokewa katika chuo kilekile kilichomkataa, miaka mitatu na nusu tangu siku ya kwanza. Akaketishwa nyuma ya darasa, mbali na wenziwe, katika kiti chenye kibao kilichosema kiti hiki ni cha watu wa rangi. Chakula alikula mahali pa peke yake.

Nakuuliza wewe uliyeketi darasani: huyu alipungukiwa na nini katika maandalizi yake? Alisoma, alifaulu, hati alikuwa nazo. Mtihani mpya uliokuwa ukitungwa wakati uleule ulitaka kupima kusoma na kufikiri. Lakini katika Oklahoma ya siku zile, kipimo cha kwanza kilikuwa ngozi, na kipimo hicho hapana mtu awezaye kujiandaa nacho.

Kule Texas alikuwako Heman Sweatt, mpeleka barua wa posta katika mji wa Houston. Naye aliomba mwaka 1946, naye akakataliwa kwa rangi yake. Jimbo la Texas likafungua shule ya watu weusi mjini Austin, katika vyumba vya chini vya jengo moja. Sweatt aliendelea na kesi. Tarehe 5 Juni 1950 Mahakama ya Juu iliamua kwamba shule ile haiwezi kulinganishwa na shule kubwa ya Chuo Kikuu cha Texas. Kwa mfano, wakili hujifunza kwa kujadiliana na watu ambao kesho atakutana nao mahakamani, na chumba kile kilimtenga nao. Sweatt akaingia. Lakini sitakuficha: hakumaliza. Kesi ilikuwa imemchosha, afya yake ilikuwa mbaya, na mwaka 1952 akaacha. Baadaye alisomea kazi ya ustawi wa jamii, akaifanya mpaka uzee. Historia hupenda kutuonyesha washindi walio wazima na wenye nguvu. Wengine hufungua mlango kwa bega, na bega huvunjika.

Na ile shule ya Texas iliyoanza kwa hila? Ilihamishiwa Houston, ikakua, na leo yaitwa Shule ya Sheria ya Thurgood Marshall.

Marshall mwenyewe alikuwa mtu wa Baltimore, katika jimbo la Maryland. Shule ya sheria ya jimbo lake ilikuwa imefungwa kwa watu weusi, kwa hiyo kila siku alipanda treni kwenda Washington kusoma katika Chuo Kikuu cha Howard. Mama yake aliweka rehani pete zake ili apate karo. Alimaliza mwaka 1933 akiwa wa kwanza katika darasa lake. Mwaka 1935, pamoja na mwalimu wake Charles Hamilton Houston, alishinda kesi iliyoilazimisha shule ileile ya Maryland kumpokea mwanafunzi mweusi, Donald Murray.

Wasikilizaji wa Kenya, jina hili lawahusu. Mwezi wa Januari 1960, viongozi wa Kiafrika wa Kenya walipokwenda London kwenye mkutano wa katiba wa Lancaster House, Tom Mboya alimwita Thurgood Marshall awe mshauri wao. Aliandika mapendekezo ya haki za raia. Mtu aliyezuiwa njia ya shule katika mji wake alikaa mezani London akisaidia kutunga haki za nchi nyingine. Mwaka 1967 akawa hakimu mweusi wa kwanza wa Mahakama ya Juu ya Marekani.

Kabla hatujarudi kwa Juma na mbegu zake, nawaambia juu ya mtihani mwingine, kwa kuwa ninyi ni wanafunzi wa kusoma na kuandika. Katika majimbo ya kusini mwa Marekani, mtu mweusi aliyekwenda kujiandikisha kupiga kura aliweza kupewa kipande cha katiba ya jimbo akaambiwa: Soma, kisha ueleze maana. Aliyeamua kama maelezo yanatosha alikuwa karani peke yake. Mwalimu wa shule aliweza kushindwa, na mtu mweupe asiyejua kusoma akapita. Sheria ya mwaka 1965 ndiyo iliyoanza kuondoa mitihani ile. Hapa kwetu pia wazee wa Kenya walikumbuka uchaguzi wa mwaka 1957, ambapo Mwafrika alipimwa elimu yake, mali yake na kazi aliyoitumikia, na mmoja akapata kura moja, mwingine mbili au tatu. Basi ukisikia neno "mtihani", uliza kwanza: nani ameutunga, nani anasahihisha, na jibu limewekwa wazi au limo moyoni mwa karani?

Kwa upande huo, mtihani wa shule ya sheria una heri. Jibu ni moja, na mtu aweza kuonyeshwa kwa nini ni hilo.

Haya, ondoa mkono juu ya daftari. Je, ni lazima Juma alilipa ada? Jibu ni hapana. Najua wengi mmeandika "ndiyo". Msione haya, hata wenye shahada huanguka hapo. Soma tena polepole: kila mwanachama aliyelipa ada alipewa mbegu. Hayo yatuambia habari za waliolipa. Habari za wasiolipa hatukuambiwa. Huenda mwenyekiti aliwapa mbegu hata wasiolipa. Kama ingeandikwa "waliolipa ada tu ndio waliopewa mbegu", jibu lingekuwa ndiyo. Neno dogo "tu" halimo. Ulilitia wewe mwenyewe kichwani kwa sababu wajua desturi za ushirika.

Hapo ndipo ilipo kazi ya kujiandaa. Anayejiandaa kwa LSAT hakariri kitu. Hujizoeza kuyaona maneno yaliyoandikwa, na kuyaacha yale asiyoyaona. Watunzi wa mitihani kwa muda mrefu walisema kwamba kufundishwa hakusaidii sana, kwa kuwa mtihani wapima uwezo ambao mtu amekwisha kuujenga kwa miaka. Bwana mmoja wa Brooklyn, Stanley Kaplan, hakukubali. Alikuwa mtoto wa wahamiaji, na mwaka 1938 alianza kufundisha wanafunzi katika chumba cha chini cha nyumba ya wazazi wake. Aliwahi kuomba shule za udaktari akakataliwa, naye aliamini ni kwa sababu ni Myahudi na alisoma chuo cha umma. Kwa hiyo aliipenda mitihani: karatasi haioni jina la baba yako, alifikiri hivyo. Biashara yake ikawa kubwa mno, na mwaka 1984 aliiuza kwa kampuni ya gazeti la Washington Post.

Lakini hapo pana ubishi, nami nina maoni yangu. Mtihani ulioletwa ili mtoto wa chuo kisichojulikana apate nafasi, ukazaa masomo ya kulipia ambayo bei yake hupita dola 1,000. Mwenye fedha hununua mazoezi na wakati wa kuyafanya; asiye nazo hufanya kazi usiku na kusoma alfajiri. Tangu 2018, kwa miaka kadhaa, baraza linaloendesha mtihani lilishirikiana na shule ya mtandaoni ya Khan Academy kutoa mazoezi ya bure, na hilo lilisaidia. Halikumpa mtu muda wa kusoma. Mashindano ya nafasi yamefika hata mahakamani: mwaka 2003 Mahakama ya Juu iliruhusu shule ya sheria ya Michigan kuifikiria rangi ya mwombaji pamoja na mambo mengine, na mwaka 2023 mahakama hiyohiyo ikaufunga mlango huo kwa vyuo.

Mtihani wenyewe umebadilika. Tangu 1991 alama zake huanzia 120 hadi 180. Kwa miaka zaidi ya 40 ulikuwa na mafumbo ya kupanga: watu saba wameketi katika viti saba, fulani hakai karibu na fulani, sasa nani yuko kiti cha tatu? Wengi waliyafumbua kwa kuchora picha. Mtu kipofu alishitaki, akisema mtu asiyeona hawezi kuchora kama wengine, na uwakili hauhitaji michoro ile. Mwaka 2019 walipatana, na kuanzia Agosti 2024 mafumbo hayo yaliondolewa. Sasa zimebaki hoja fupi, kama ile ya Juma, na habari ndefu za kusoma. Neno "hoja" maana yake ni maneno ambayo mtu hutoa ili ukubali jambo fulani. Kila sehemu ni ya dakika 35.

Wanaofaulu hujiandaa hivi. Huchukua karatasi za mitihani iliyopita. Kwanza hufanya bila saa, polepole, mpaka waelewe. Kisha hutazama makosa yao, na kwa kila kosa huandika kwa maneno yao wenyewe kwa nini jibu walilochagua si sahihi. Kazi hii yachosha kuliko mtihani. Saa huletwa mwisho. Wengi hukosea kwa kuanza na saa, wakazoea kukosea upesi.

Ada Lois Sipuel alimaliza masomo yake ya sheria, akafanya kazi ya uwakili katika mji wake wa Chickasha, kisha akafundisha Langston kwa miaka mingi. Mwaka 1992 gavana wa Oklahoma alimteua kuwa mmoja wa wakuu wa halmashauri inayokitawala kile chuo kikuu kilichomkataa mwaka 1946. Alifariki mwaka 1995.

Swali la kufanyia nyumbani ni hili. Andikeni upande wa kushoto wa daftari.

"Katika mji fulani, kila duka lenye leseni limebandika leseni yake ukutani. Ukutani mwa duka la Bibi Mwajuma hapana leseni. Je, twaweza kusema kwa hakika kwamba duka lake halina leseni?"

Andika jibu, na chini yake sentensi moja ya kueleza kwa nini. Mwalimu atakusanya madaftari Alhamisi. Jibu tutalisoma wiki ijayo, saa hii hii. Kwaherini.